Maji Ndani ya Vyungu vya Vasta

Habari yenyewe aliileta Yayeri, vumbi la barabara bado likiwa kwenye nyusi zake, na tangu saa ile Erina hakuweza kuiondoa moyoni.

Yayeri, jirani wa ng'ambo ya ua, alikuwa amekwenda Karusandara kumwona dada yake. Wakati wa kurudi, basi liliwashusha abiria Kikorongo, pale njia panda, wakangoja lori la kuelekea Bwera tangu asubuhi mpaka jua likawa la utosi. Ndipo mwanamke mmoja mchoma mahindi akamsimulia.

"Mama Vasta," alimwambia Erina, hata mzigo hajautua, "mama yako bado anamfundisha yule mtoto kufinyanga?"

"Anamfundisha. Kwa nini?"

"Basi, mimi sijasema kitu."

"Yayeri! Umeshasema nusu. Maliza."

Yayeri akamaliza, maana ndicho alichokuwa akitaka tangu mwanzo. Kule Karusandara kulikuwa na bibi mmoja mfinyanzi, mzima wa afya, analima mwenyewe. Akamfundisha mjukuu wake. Vyungu vya mjukuu vikatoka motoni bila ufa, bibi akampa kijiwe chake cha kusugulia. Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumamosi watu walikuwa wanachimba kaburi.

"Mkono haukai pahali pawili," Yayeri alisema, akishusha sauti ingawa kulikuwa na kuku tu. "Ukihamia kwa mjukuu, bibi anabaki na nini? Lakini usiseme ni mimi. Mimi nimeambiwa tu."

Hiyo ilikuwa mwisho wa mwaka sabini na mbili. Serikali ilikuwa imewafukuza Wahindi, maduka yao yamefungwa, na sufuria zilipotea Bwera kama zimemezwa na ardhi. Watu waliokuwa wakiwacheka wafinyanzi sasa waliwaita "mama" kwa heshima. Na mfinyanzi aliyebaki upande huo wa kilima alikuwa mmoja, Bulandina, mama yake Erina, mjane aliyekaa peke yake nyuma ya migomba, hatua chache kutoka kwa binti yake.

Bulandina alikuwa na kijiwe cheusi cha mtoni, laini kama jicho la ng'ombe. Kwacho alisugua tumbo la chungu kibichi mpaka likang'aa. Alipewa na mama yake. Desturi ya nyumba yao ilikuwa hivi: vyungu vitatu vya kwanza vya mwanafunzi huwekwa katikati ya moto, vikizungukwa na vya mwalimu. Vikitoka vizima vyote vitatu, kijiwe kinabadili mkono siku hiyohiyo.

Erina aliijua desturi hiyo tangu utoto. Yeye mwenyewe hakugusa udongo. Alipelekwa shule ya misheni mpaka darasa la nne, akapenda mikono yake iwe safi. Lakini sasa, Yayeri alipokwisha kuondoka, akaanza kuhesabu. Mama yake alipewa kijiwe mwaka gani? Na bibi yake alizikwa mwaka gani? Ulikuwa mwaka mmoja. Alikuwa ameyasikia mambo hayo mawili maisha yake yote, na hakuwahi kuyaweka pamoja. Sasa aliyaweka.

Kama Vasta angekuwa mtoto mzito wa mikono, kusingekuwa na neno. Lakini Vasta, miaka kumi na mitatu, alikuwa na mikono iliyotangulia akili yake. Siku za soko aliwaona wachuuzi kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka, wakipika chakula cha mchana kandokando ya barabara, wakizunguka kutafuta mawe matatu ya kuinjika chungu, wakigombania mawe kama watoto. Akarudi, akakaa na udongo wa bibi yake siku mbili, akaunda chungu chenye miguu mitatu mifupi, kinachosimama chenyewe juu ya moto.

Bulandina alikizunguka. "Na hiki chungu kinakwenda wapi?"

"Kinakwenda sokoni, Bibi."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu, Bibi."

Bulandina akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika mbavu. Erina, aliyekuwa akimenya ndizi kando, kisu kilimsimama mkononi. Mama yake hakuwa na kikohozi. Kikohozi hiki kimetoka wapi?

Bulandina alipomaliza kukohoa akakiinua kile chungu tena, akakigonga kwa kucha, akaacha kucheka. "Miguu imekaa vizuri. Ningeiweka mimi, ingeanguka."

Wiki hiyohiyo mchuuzi mmoja wa Beni, Esperance, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani, alifika nyumbani kwa Bulandina kutafuta vyungu, akakiona kile cha miguu kikiwa bado kibichi.

"Eh! Ni nani alifanya hii marmite, hii chungu ya miguu?"

"Mjukuu wangu."

"Huyu mutoto? Mama, huyu mutoto iko na mukono! Ju ya nini munamuficha? Mukimaliza kuchoma, mimi nakamata yote. Yote!" Akamgeukia Erina. "Wewe ndiye mama yake? Piga magoti, asante Mungu."

Erina alitabasamu kwa meno tu. Kila mtu alimwambia kwamba mkono umeshafika kwa mtoto. Hakuna aliyemwambia umebaki kiasi gani kwa mama yake.

Vyungu vitatu vya miguu vilikaushwa kivulini siku tisa. Vasta alivipima kama alivyofundishwa: unakiweka chungu shavuni, kikiwa na ubaridi, ndani bado kuna maji, kikiwa na joto kama ngozi yako, kiko tayari. Mchana wa kuchoma, Bulandina na Vasta waliteremka bondeni kuleta matete makavu. Erina akabaki na vyungu. Alichukua kitambaa, akakichovya ndani ya maji, akapangusa chini kabisa, ndani ya vyungu vitatu vya binti yake. Udongo ukayanywa maji yale mara moja. Kwa macho, hakuna ambacho kingeonekana.

"Ni kumrudisha nyuma kidogo tu," alijiambia. "Mwaka mmoja. Miwili. Mama apate kula mavuno mengine."

Moto uliwashwa. Haukuwa umeshika vizuri, ikasikika *paa!* Kisha nyingine. Kisha ya tatu, na kipande kikaruka kikavunja hata chungu kimoja cha Bulandina.

Bulandina alikiokota kigae kilipopoa. Kilikuwa kimebanduka vipande vipande kama ngozi ya mwenye upele. "Hiki kilikuwa na maji."

"Bibi, nilikiweka shavuni. Kilikuwa na joto."

"Kigae hakisemi hivyo."

Mara ya pili ikawa vilevile. Mara ya tatu Vasta alikaa karibu na vyungu vyake siku kumi na mbili. Hata kula alikula hapo. Lakini mtoto ni mtoto. Mama yake alimtuma kisimani, akaenda.

Paa. Paa. Paa.

Safari hii palikuwa na watu. Esperance alikuwapo na kikapu chake. Yayeri alikuwapo na macho yake. Bulandina alisimama mbele ya majivu, akasema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyouma.

"Mjukuu wangu, mkono ukikosea, nasamehe. Mimi mwenyewe nimelia vigaeni miaka mingi. Lakini shavu halikosei mara tatu. Wewe hungoji, halafu unasema umengoja. Mimi sifundishi mwongo. Udongo nao haumtaki."

Vasta alijigusa shavu. Alimtazama mama yake, kama mtoto anavyomtazama mtu wa upande wake. Erina aliinama kuokota vigae.

Nitasema kweli yote: jioni ile Erina alipumua. Mama yake alikula akashiba, kijiwe kilikuwa palepale ndani ya kibuyu, Jumamosi ikapita, na nyingine. Kwa muda wa wiki mbili alijiona amemwiba mama yake mdomoni mwa kaburi.

Kisha akaanza kumwona binti yake.

Vasta alikuwa ameacha udongo. Lakini shavu halikuacha. Alikiinua kikombe kikavu akakiweka shavuni. Blanketi, shavuni. Kibao cha shule, shavuni. Siku moja alimletea mama yake sahani iliyokaa juani tangu asubuhi.

"Mama, hii ina baridi au ina joto?"

"Ina joto, Vasta. Si unaona jua?"

"Una hakika? Mimi siku hizi sijui."

Shuleni watoto waliimba: "Vasta, Vasta, maji yamekauka? Tuulize shavu!" Alirudi na kamasi na vumbi, hakushtaki mtu. Mwongo anamshtaki nani?

Mwezi wa tatu, mwaka sabini na tatu, Zedekia, baba yake Vasta, alirudi kutoka Kasese, alikokuwa akipakia shaba kwenye mabehewa. Hakukaa sawa kitini. Alikunywa maji, akaomba mengine.

"Nasikia mtoto ameshindwa kazi ya bibi yake."

"Ndivyo watu wanavyosema," Erina akajibu.

"Basi ni vizuri. Yuko afande mmoja huko Kasese, anataka msichana wa kukaa nyumbani kwake. Nitaondoka naye Jumatatu."

"Afande? Mke wake unamjua?"

"Sijasema ana mke."

Erina aliweka chini mwiko. "Baba Vasta, wewe huyo afande unamfahamu vipi?"

Zedekia alitazama mlango. "Kwenye kizuizi cha askari, barabarani. Alishika kitambulisho changu. Akasema, 'Wewe! Una binti?' Amevaa bunduki hapa. Wewe ungejibu nini?"

"Ningesema sina!"

"Ungesema! Mke wangu, hujasimama pale. Nilisema ninaye. Akasema, 'Anafanya kazi gani?' Nikatafuta jibu. Kama ningekuwa na la kusema, kwamba yuko kwenye kazi ya ukoo, ameshikwa, haachiliwi, labda. Nilisema hana kazi. Akasema, 'Mwezi ujao, lete.'"

Hapo ndipo Erina alipouona mkono wake mwenyewe. Alikuwa amekaa akiogopa Jumamosi ya mama yake, na sasa kumbe ilikuwa inakuja Jumatatu ya binti yake, na yeye ndiye aliyeifungulia mlango. Mtoto aliyekuwa na kazi, amemfanya mtoto asiye na kazi. Kwa kitambaa.

Ilikuwa Jumapili, watu wametoka kanisani. Alipita migombani. Bulandina alikuwa ameketi akiponda vigae vya kuchanganya na udongo mpya, twa, twa, twa.

"Mama, si Vasta."

Twa, twa.

"Vyungu. Si mtoto. Ni mimi. Nilipangusa maji ndani, mkiwa hampo. Mara tatu."

Jiwe likasimama. "Kwa nini?"

Erina akamwambia yote: Karusandara, Jumanne, Jumamosi, mkono usiokaa pahali pawili, bibi aliyezikwa mwaka wa kijiwe. Alikuwa analia, na maneno yalitoka yamekatika. Bulandina alimsikiliza kama mtu anayesikiliza mvua kama itapita au itanyesha.

"Ulitaka kuniokoa."

"Ndiyo, Mama."

"Mwaka ule aliokufa mama yangu, ndui ilishuka kilima kizima. Tulizika watu mpaka tukakosa mikeka. Baba wa Kezironi, yule wa pale kisimani, tulimzika. Mapacha wa jirani tuliwazika. Na hao walikuwa wametoa vijiwe?"

"Sikujua, Mama."

"Uliniuliza?"

Erina alijifuta machozi. Hakuwa ameuliza.

"Mimi ningekufa, ningekufa na mkono wangu umeachwa kwa mtu," Bulandina alisema. "Lakini sikiliza kilichoniuma. Nimemwita yule mtoto mwongo. Mbele ya watu, kwa mdomo huu. Hilo umenifanyia wewe, Erina. Ndui haikunifanyia hivyo." Akainuka, akijipangusa vumbi. "Mume wako yuko?"

"Yuko. Anafunga mzigo."

Sasa, kwa desturi ya kwao, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, wala hawasemezani. Miaka kumi na minne Bulandina na Zedekia walikuwa wakikwepana njiani kama paka na maji. Bulandina akaenda mpaka kwenye ua, akampa Zedekia mgongo, akamshika pembe mbuzi aliyefungwa pale, na kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni akamwambia mbuzi:

"Wewe mbuzi! Mwambie bwana wa nyumba hii, mjukuu wangu ana kazi. Yuko kwangu, anafinyanga, ameshikwa na kazi ya mama zake, haachiliwi. Mtu akiuliza, na ajibiwe hivyo. Na mwambie, akimpandisha garini kesho, mimi nitavunja miiko yote iliyoko duniani, nitamtazama usoni, na nitaketi kwenye kiti chake!"

Mbuzi alilia mee. Zedekia, nyuma ya mlango, alikohoa. Kisha akamjibu mbuzi yuleyule: "Mwambie mama nimesikia."

Bulandina akageuka kwa Erina. "Mtoto utamwambia wewe. Si mimi."

Vasta alikuwa nyuma ya nyumba akichambua maharage. Erina alichuchumaa mbele yake. Alikuwa ameandaa maneno mengi. Yaliyotoka yalikuwa machache. "Vyungu vyako vilikuwa vikavu. Mimi niliviwekea maji kwa siri. Niliogopa bibi yako atakufa."

Vasta hakulia. Alishika harage moja muda mrefu.

"Kwa hiyo shavu langu lilikuwa sawa?"

"Lilikuwa sawa, mwanangu."

"Mara zote tatu?"

"Mara zote tatu."

Mtoto akaweka ungo chini, akapita migombani kwa bibi yake, asigeuke.

Jumatatu Zedekia aliondoka peke yake. Mwezi mzima Erina alisikia kila gari lililopanda kilima kama ni la afande. Halikuja. Zedekia aliporudi hakuwa na meno mawili ya mbele, na alipoulizwa alisema alianguka behewani. Hakuna aliyemuuliza mara ya pili.

Vasta akafinyanga upya vyungu vitatu vya miguu. Hakuvikausha kwa bibi yake, wala kwao. Alikwenda kwa heshima kuomba kivuli nyumbani kwa Yayeri, na Yayeri, aliyeleta habari yote, hakujua aangalie wapi, akampa chumba. Siku ya moto Esperance alifunga macho akasali kwa Kifaransa. Moto ukawaka mpaka ukachoka. Hakuna kilichopasuka. Bulandina alitoa kijiwe ndani ya kibuyu, akamwekea Vasta kiganjani mbele ya watu walewale, akasema, "Nilimwita huyu mwongo. Mwongo nilikuwa mimi, maana nilisema nisichokijua."

Ilikuwa Jumanne. Erina hakuwa amepanga, lakini ilikuwa Jumanne. Jumatano akahesabu, Alhamisi akahesabu. Jumamosi alifika kwa mama yake asubuhi na mapema, akamkuta anakula kiporo cha maharage, anaomba chumvi.

Bulandina aliishi mpaka mwaka sabini na nane. Homa ya mapafu ilimchukua wakati wa mvua, akiwa mzee wa kuzeeka. Na hata hivyo, na hili ni la kuogopesha kuliko yote, kitu cha kwanza kilichomjia Erina kilioni kilikuwa kile kijiwe.

Vasta sasa ana nyumba yake Bwera, na banda la kukaushia. Mama yake akifika, anainuka, anampokea kwa mikono miwili, anamletea kiti. Kiti anakiweka upande wa pili wa ua, mbali na banda. Hajawahi kusema neno baya. Ni kiti tu.

Kwa hiyo, ninyi wenye watoto wanaojifunza kazi kwa bibi na babu zao, mambo ya kuepuka ni haya:

Usipokee habari ya kifo bila kuuliza marehemu aliugua nini.

Usiguse kazi ya mtoto akiwa hayupo, hata kwa kumhurumia mtu mwingine.

Usimwite mtoto mwongo kabla hujauliza nani mwingine alipita pale.

Usimwache mtoto abebe kosa lako hata siku moja. Siku moja inazaa wiki.

Usiseme mbele ya mwenye bunduki kwamba mtoto wako hana kazi.

Usiogope kwa niaba ya mama yako kabla hujamuuliza kama yeye anaogopa.

Vyungu vibichi usiviweke penye njia ya mbuzi.

Na usitazamie kwamba ukishaungama, kiti chako kitarudishwa pale kilipokuwa.